Mwalimu wa Mshale wa Juu

Kibodi ya Mwalimu haikuwa ya kuazimwa. Si kwamba alikuwa mchoyo. Ukimwomba kalamu alikupa pamoja na kifuniko chake. Ila ukikaa mbele ya mashine yake ukabonyeza vitufe ulivyovizoea, hakuna kilichokuja kama ulivyotarajia, maana alikuwa amevibadilisha. Kutafuta amri ya zamani, ambako mashine za watu wengine hutumia kitufe cha Kontroli pamoja na herufi R, yeye alikuhamishia kwenye T. Neno ni tafuta, alisema, hiyo R inamtafutia nani? Nasi tuliojifunza kwake tulitoka chuoni na ugonjwa huo wa T, na hadi leo nikikaa kwenye mashine ya mtu mwingine vidole vyangu huenda huko kwanza.

Lakini fahari yake ilikuwa mshale wa juu. Mwalimu alifanya kazi zake zote kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta ambamo hakuna picha wala vitufe vya kubofya; unaandika amri kwa maneno, unabonyeza Enta, mashine inatii au inakutukana. Kila amri uliyowahi kuandika hubaki kwenye kumbukumbu ya dirisha hilo, na mshale wa juu huzirudisha moja moja kuanzia ya mwisho. Mwalimu aliona huko kurudisha moja moja ni kazi ya mtu asiye na shughuli. Aliuelekeza mshale wake hivi: uandike herufi mbili tatu za mwanzo, ubonyeze mshale, ikuletee amri ya karibuni kabisa inayoanza na herufi hizo, nyingine zote izipite. Kwa hiyo aliandika herufi tatu, mshale, Enta, kisha akaegemea kiti chake kama mtu aliyemaliza kula.

"Ulichokwisha kukiandika jana," alituambia, "kukiandika tena leo ni kuitusi jana."

Nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wake, katika chuo cha ufundi kilichoko Ukunda, kisha nikaajiriwa hapo hapo kuwa msaidizi wake wa maabara. Na muda mwingi wa miaka hiyo Mwalimu alikuwa akipoteza macho. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula nuru kutoka pembeni ukiingia katikati, polepole, bila maumivu. Alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kufika siku yake ya kustaafu pasiwe na mtu aliyemwambia kwamba haoni. Chuo kizima kilijua. Hilo halikuwa tatizo. Kujua ni jambo moja na kumwambia mtu ni jambo jingine, na huku kwetu hilo la pili ndilo linaloitwa utovu wa adabu.

Tuliita kumsitiri. Hakuna aliyeketi kikao akasema sasa tumsitiri Mwalimu. Ilianza tu, kama watu wanavyoanza kunong'ona wakiona mtoto amelala. Miwani yake ilikuwa "imesahaulika nyumbani" kwa miaka, na kila alipoisahau kulikuwa na mtu aliyeitikia kwamba hata yake ameisahau. Akijigonga kwenye mlango, tulilaumu fundi aliyeujenga. Akimwaga chai, meza ndiyo iliyokuwa imeinama. Mwalimu wa ushonaji, mama mmoja mnene mwenye huruma na sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa hodari kuliko sisi sote. Yeye alimwaga ya kwake pia.

Siku moja Mwalimu aliingia chuoni amevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha hudhurungi. Vyote viwili vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, maana alikuwa mtu wa kujipenda. Akaniuliza, kama alivyoniuliza kila asubuhi, "Binti, viatu vinang'aa?"

"Vinang'aa, Mwalimu," nikasema, na sikuwa nimesema uongo.

Akapita navyo uwanjani kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya wanafunzi wote. Hakucheka mtu. Mwalimu wa ushonaji alikuwa amekwisha kupita mistarini akitoa onyo kwamba atakayeonyesha jino atafumua pindo za mapazia ya ukumbi na kuzishona upya. Alasiri Mwalimu alirudi nyumbani Msambweni na viatu vyake, na kesho yake akaja na vinavyofanana. Mkewe, nadhani. Hilo nalo halikuzungumzwa.

Hakukipenda kile kipanya cha kompyuta. Chumba chenye kipanya, alisema, kinahitaji paka, si mwalimu. Wanafunzi wapya walidhani ni msimamo wa kitaalamu, na wengine waliuiga wakaenda nao kazini, wakagombana na mabosi wao. Ukweli ni kwamba kipanya kinataka uone mahali unapokielekeza. Vitufe havitaki. Juu ya ule mshale alibandika tone la rangi ya kucha, nyekundu, lenye kinundu ambacho kidole hakikosi, na alipoulizwa alisema ni pambo. Mtu huyu alikuwa akiwakataza wasichana wasibandike hata ua kwenye madaftari.

Na amri zake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili. Palipokuwa na kazi ya hatua nyingi, alizifunga pamoja akazipa jina moja: ratiba-chapa ilichapisha ratiba, mahudhurio-fungua ilifungua rejesta. Kila moja iliuliza, "Una hakika?" nawe ujibu n ya ndiyo au h ya hapana. Kisha ikalia. Mlio mmoja, kazi imefaulu. Miwili, imeshindikana. Wageni walisikia maabara yetu inalia lia kutwa, wakauliza kama kuna kitu kimeharibika.

Ile "Una hakika?" ilikuwa mhadhara wake mkubwa. Alitufundisha kwamba mtu asijibu ndiyo kabla ya kusoma amri yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kwamba watu wengi wameangamiza kazi zao kwa kuitikia wasichokisoma. Yeye mwenyewe hakusoma hata neno moja. Aliandika herufi zake tatu, mshale, Enta, n, Enta, mlio, kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefunga kilemba. Niliwahi kumuuliza mbona yeye hasubiri. Akasema, "Mimi nina hakika tangu nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: aliyekataza jambo ndiye aliyeliongoza. Alituandikisha amri kwa ukamilifu wiki nzima kabla ya kuturuhusu mshale, na yeye hakumbuki mara ya mwisho alipoandika neno refu. Alichukia kurudia amri, lakini hadithi ya safari yake ya Lunga Lunga, alipozuiwa mpakani kwa sababu ya kubeba kuku jike asiye na cheti, niliisikia mara nyingi mno, na kila mara kuku aliongezeka ukubwa. Alikuwa mkali wa adabu na mdaku wa kupindukia. Alijua nani ameposwa na nani ameachwa kabla ya wenyewe, maana watu husema mengi mbele ya mtu wanayedhani hawaoni.

Kwenye mkahawa wa chuo hakutazama ubao wa vyakula. Alisema, "Kama jana," na mpishi alijua. Nadhani aliishi hivyo kila mahali. Alihitaji tu jana yake iwe mahali pake, juu kabisa, ili akinyoosha mkono aikute.

Hapo ndipo nami nilipoingia. Kadiri macho yalivyokwenda, kumbukumbu ya dirisha lile ikawa ndiyo fimbo yake. Kama mtu mwingine alitumia mashine ile jioni, amri zilipangika vingine, na asubuhi Mwalimu akibonyeza mshale huleta asichokitaka. Basi nikawa nafika mapema, nakaa kwenye kiti chake, naandika zile amri atakazozihitaji siku hiyo. Zikiuliza, "Una hakika?" najibu h. Ukijibu hapana hakuna kinachofanyika, lakini amri yenyewe hubaki kwenye kumbukumbu, ya mwisho kabisa, tayari kuitwa. Nilimwandalia siku yake kama mtu anavyomwandalia mzee nguo kitandani. Sikumwambia. Naye hakuniuliza mbona siku hizi mashine imekuwa na adabu hivyo.

Mkuu wa chuo aliyekuja miaka hiyo alitoka bara. Tulimwita Madam. Alikuwa mchapakazi, mwenye haki, mwenye haraka, na alisalimia kwa kuinamisha kichwa. Mwalimu aliwajua watu wote kwa sauti zao na kwa mlio wa ndara zao. Ukisema "Shikamoo, Mwalimu" alikujibu "Marahaba" na jina lako, tena akakuulizia mama. Lakini kichwa kinachoinama hakina sauti. Madam akampita akiinamisha kichwa, Mwalimu akampita akitazama mbele. Muhula mzima. Madam akaamini kwamba mzee yule anamdharau kwa kuwa ni mwanamke, au kwa kuwa ni mtu wa bara, na sisi, ambao tungelimaliza jambo hilo kwa neno moja, neno hilo tulikuwa hatulisemi.

Balaa lilikuja siku ya kufunga muhula. Alama za wanafunzi wote zilikuwa kwenye mashine ya Mwalimu, na siku hiyo huwa anazihifadhi kwa amri iitwayo alama-tunza. Ilikuwapo ndugu yake, alama-rudisha, ambayo kazi yake ni kutoa ghalani alama za muhula uliopita na kuziweka mahali pa zilizopo. Hiyo hutumika mara chache, mtu akitaka kukagua mambo ya nyuma, tena baada ya kuzihifadhi mpya. Wanafunzi wa mapishi na wa mapokezi walikuwa wanangojea alama hizo waende mafunzoni kwenye hoteli za Diani. Mabegi yao yalikuwa yamefungwa.

Nilijua kwamba asubuhi ya siku ile ningekuwa Kwale mjini kwa shughuli za chuo, kwa hiyo jioni ya siku iliyotangulia niliacha kila kitu tayari: nikaandika alama-tunza, nikajibu h, nikaenda zangu. Nisichokijua wakati huo ni kwamba mwalimu wa ushonaji alikuwa amenivizia kwa muda, akaelewa nifanyalo, na moyo ukamuuma kwamba siku hiyo mimi sipo na mzee atataabika. Akaingia maabara mapema. Alikuwa amewahi kuchungulia juu ya bega langu akaona neno linaanza na alama. Akazikuta mbili zenye mwanzo huo kwenye kumbukumbu. Kwa akili yake, Mwalimu kila siku ya kufunga huwa anazirudisha alama mahali pake, kama anavyorudisha yeye mikasi kabatini. Akaandika alama-rudisha. Ikamuuliza, akajibu h kama alivyoniona, akatoka akiwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka kwa siri.

Laiti tungelizungumza, mimi naye, hata mara moja. Lakini tungelizungumzaje bila kutamka lile ambalo halitamkwi?

Mwalimu akaja, akaketi, akaandika a, l, a. Mshale. Enta. N. Enta. Mashine ikalia mara moja. Imefaulu.

Nilirudi adhuhuri nikawakuta wanafunzi wa mapokezi wanashangaa kwamba wana alama za somo la muhula uliopita, na wale wapya hawana alama kabisa, kana kwamba hawajazaliwa. Siku mbili tulizikusanya upya kutoka kwenye karatasi za walimu. Mwalimu wa useremala alikuwa amezigawa zake kwa mama muuza njugu pale langoni, kwa ajili ya kufungia, ikabidi tununue njugu. Tulizila na tulizipata alama, isipokuwa za vijana wachache waliofanyiwa mtihani upya na ambao hawajanisamehe. Wanafunzi walikwenda Diani wamechelewa. Hoteli moja ilikuwa imekwisha kuchukua wengine.

Madam akaitisha kikao. "Mimi nataka kujua," alisema, "hii maneno ilitokea aje. Nani alifuta hizi marks?"

"Ni mkono wangu," akasema Mwalimu.

"Uliona kile unafanya?"

Sote tulilijua jibu ambalo lingemwokoa. Mtu aliyepoteza macho kazini hupumzishwa kwa heshima na haki zake zote. Mtu mzembe hupewa barua, na baada ya barua hufukuzwa, na Mwalimu alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Lilikuwa neno moja tu, sioni. Nilimtazama mwalimu wa ushonaji. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso, machozi yanamtiririka, akiamini bado kwamba labda si yeye. Nami nilinyamaza. Sikujua la kufanya, na ningali sijui kama lilikuwapo.

"Niliona vizuri kabisa," akasema Mwalimu, ameinua kidevu. "Ulikuwa uzembe."

Wiki iliyofuata Madam alimwita ofisini apokee barua ya onyo, na kwa utaratibu mwenye kuonywa huisoma kwa sauti mbele ya shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Madam alikuwa na karatasi nyingi mezani, maana Siku ya Wazazi ilikuwa imekaribia. Akachukua moja akampa. Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili, akainyoosha, akaiweka mbele ya uso kwa umbali wa mtu anayesoma, akakohoa.

"Kwako Mwalimu," akaanza. "Yahusu: uzembe kazini."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Karatasi ilisema: mchele, nazi, bilingani, kuku, pilipili manga, sabuni ya kuoshea sufuria.

"Imebainika," aliendelea, kwa sauti nzuri ya msomaji wa hotuba, "kwamba mnamo siku ya kufunga muhula, wewe, ukiwa mtu mzima mwenye akili timamu, ulifuta jasho la wanafunzi na la walimu wenzako kwa haraka isiyo na sababu. Jambo hili limekiaibisha chuo, na limewakosesha vijana nafasi zao. Umri wako si kinga. Utumishi wako wa muda mrefu unaongeza uzito wa kosa lako badala ya kulipunguza."

Madam alikuwa amefungua jalada. Barua ya onyo ilikuwa humo ndani, imelala, na muhuri wake. Aliitazama barua. Akaitazama karatasi iliyo mkononi mwa Mwalimu, ambayo kwa upande wake maandishi ya mpishi yalionekana wazi yakipenya nyuma. Kisha akamtazama Mwalimu usoni, machoni hasa, kwa mara ya kwanza nadhani tangu aje, na uso wake ukabadilika. Akanitazama mimi. Nikatazama dirisha.

Mwalimu hakuwa na haraka. Alijisomea onyo kali kuliko lile aliloandikiwa. Baadaye niliambiwa la Madam lilikuwa na mistari minne. Alijikemea kwa ajili ya majivuno. Alijikemea kwa kutosikiliza. Alijiambia kwamba mwalimu anayeharibu kazi ya mwanafunzi hana haki ya kuitwa kwa jina hilo, na hapo akakohoa tena, akajifanya amepoteza mstari, akautafuta kwa kidole kwenye bilingani.

"Na iwapo kosa hili litarudiwa," akamaliza, "utaachishwa kazi bila taarifa. Wako mtiifu."

"Ni hivyo tu, Mwalimu," akasema Madam, taratibu. "Umesoma yote."

Mwalimu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka wima, akaukosa mlango kidogo tu.

Madam aliutazama mlango. Kisha akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini, Madam?"

Akatikisa kichwa. "Hata wewe," alisema. "Nyinyi watu wa huku, hii tabia yenu…" Hakumaliza. Aliitoa ile barua yenye muhuri akaichana vipande, akavitupa. Alisema hakuna haja, kwa sababu mhusika ameshajisomea. Siku ya Wazazi wapishi waliikosa orodha yao, wazazi wakala wali mkavu bila nazi, wakalalamika sana. Madam aliwaomba radhi, hakusema orodha ilikwenda wapi.

Tangu siku hiyo hakuinamisha kichwa tena. Kila alipomwona Mwalimu mbali uwanjani alipaza sauti, "Shikamoo, Mwalimu! Ni mimi, Madam!" Naye Mwalimu anajibu, "Marahaba, Madam! Mama hajambo huko nyumbani?" Mama yake Madam alikuwa amekufa zamani. Alijibu hajambo.

Hivyo akastaafu, kwa keki na hotuba. Kwenye hotuba yake alitushukuru kwa ushirikiano, akasema macho yake yameona mengi katika chuo hiki. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa na hasira sana siku hiyo na sikujua na nani.

Ilipita miaka michache nisimwone. Nilikuwa nimekwenda Msambweni kumkagua mwanafunzi wangu aliye mafunzoni kwenye zahanati ya mtu binafsi, na nilipotoka nikamkuta Mwalimu amesimama kando ya barabara kuu, upande wa vibanda vya boda boda. Kanzu safi. Mguu wa kushoto umefungwa bendeji hadi gotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti," akasema, na jina langu, papo hapo. "Mama yako ameacha kuumwa na mgongo?"

Tulizungumza hapo hapo tukiwa tumesimama. Alikuwa na kompyuta mpya inayosema, alinieleza. Ndani yake mna mwanamke wa kigeni anayekusomea kila ulichoandika, na Kiswahili chake ni msiba. Neno rudisha analitamka kama mtu anayetapika. Lakini mshale wa juu bado ni ule ule, alikwisha kumfundisha. Nikamuuliza ya mguu.

"Boda boda," akasema. "Nilisimama hapa hapa. Nikauliza, barabara iko vipi? Vijana wakaniambia, barabara nyeupe, Mwalimu, wewe pita tu. Walinistahi. Hawakutaka kunishika mkono mbele za watu. Nikapita."

Akacheka peke yake, kidogo.

"Yule mwalimu wa ushonaji, hajambo?"

"Hajambo. Bado yuko."

"Siku ile ya alama," alisema, "baada ya mlio nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye vitufe. Vidole vyangu vilinuka mpaka jioni. Msimwambie kwamba najua. Roho yake haitastahimili."

"Kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Ningesemaje? Ningesema ni yeye, wangeniuliza mbona wewe hukusoma kabla ya kujibu ndiyo." Lori lilipita kuelekea Lunga Lunga, upepo wake ukaipeperusha kanzu, naye akarudi nyuma hatua moja haraka, kwa woga ambao sikuwahi kuuona kwake. "Mimi na nyinyi tulisitiriana vizuri sana. Wallahi, vizuri sana. Ila daktari wa mguu aliniuliza swali moja, nikamjibu, na sikufa."

Alikuwa anataka kwenda ng'ambo ya pili, kwenye duka la dawa. Jua la saa nane lilikuwa linapiga lami. Vijana wa boda boda walikuwa wametunyamazia, wanatazama pembeni kwa adabu. Nami miaka yangu yote ya adabu ikanipanda kooni yenyewe, nikasema, "Jua la leo kali, Mwalimu. Hata mimi sioni vizuri."

"Wewe unaona," akasema. Hakushusha sauti, kibanda chote kilisikia. "Mimi ndiye sioni. Sioni kitu, binti yangu. Nishike mkono."

Nikamshika. Mkono ulikuwa mwepesi, wa mzee, na ulinikamata kwa nguvu kama wa mtu anayeshuka ngazi. Nikaanza kulia pale pale, bila sauti, au hivyo nilidhani.

"Utalia ng'ambo," akasema Mwalimu. "Kwanza niambie kama kuna gari."

Nikafuta macho nikatazama huku na huku. Kulikuwa na lori jingine linakuja, nikamwambia liko wapi, tukalingoja lipite.